Analala Mgongoni, Anaamka Kitandani: Kuuelewa Usingizi wa Mchana wa Mtoto Mchanga

Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa Oktoba, Nkuhungu, mjini Dodoma. Mama alikuwa amezunguka uani na mtoto wa miezi mitano mgongoni mpaka kichwa cha mtoto kikaangukia upande, mdomo ukaachama kidogo na mkono uliokuwa umeng'ang'ania kanga ukalegea. Aliingia chumbani kwa kunyata, akafungua fundo la mbeleko, akamshusha na kumlaza chini ya chandarua. Kabla hajautoa mkono wake chini ya kisogo, macho ya mtoto yalikuwa wazi. Jirani aliyekuwa akichambua mchicha kwenye kibaraza cha pili alikuwa na hukumu yake tayari: "Mwenzangu, huyo umemzoesha mgongo."

Mama huyo ni mimi, na hukumu ile niliiamini kwa wiki kadhaa. Baadaye nilitambua kwamba sentensi moja, "mtoto wangu halali mchana," inabeba mambo ambayo hayafanani hata kidogo. Kuna mtoto ambaye hasinzii kabisa mpaka jioni inamkuta analia kwa uchovu. Kuna anayelala dakika thelathini na kuamka kana kwamba amewekewa kengele. Kuna anayelala vizuri akibebwa na kuamka akilazwa. Na kuna anayelala vya kutosha kwa umri wake, ila mzazi wake alitarajia zaidi. Shauri linalomfaa mmoja linaweza kumharibia mwingine, ndiyo maana mama anayekusanya mawaidha ya mama mkwe, majirani na kikundi cha simu hujikuta amejaribu yote na hajapata lolote.

Tuanze na namna usingizi unavyokuja. Mwaka 1982 mwanasayansi Alexander Borbély alipendekeza maelezo ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa elimu ya usingizi: kulala kwetu kunaongozwa na nguvu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ni deni. Kila dakika tunayokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini huongezeka ubongoni na kutulemea, na tunapolala deni hilo hulipwa. Ya pili ni saa ya mwili, ambayo huutambulisha mwili mchana na usiku, ikirekebishwa zaidi na mwanga wa jua. Usiku nguvu hizi mbili huvuta upande mmoja, deni likiwa kubwa na saa ya mwili ikisema ni wakati wa kulala. Mchana hazipatani: deni linasema lala, saa ya mwili inasema ni mchana, amka. Kwa hiyo usingizi wa mchana ni mwepesi kwa asili yake, na si ajabu kwamba mtoto aliyeanza kulala vizuri usiku anaendelea kusumbua mchana kwa miezi kadhaa zaidi.

Mtoto mchanga ana tofauti mbili kubwa na mtu mzima. Deni lake hujaa haraka mno, kiasi kwamba katika wiki za mwanzo saa moja tu ya kuwa macho, pamoja na kunyonya na kubadilishwa nepi, inaweza kutosha kumchosha. Halafu saa yake ya mwili bado haijaanza kwenda. Homoni ya melatonini, inayoutayarisha mwili kwa usiku, huanza kufuata mpangilio wa usiku na mchana mtoto anapokaribia miezi miwili hadi mitatu. Kabla ya hapo huipata kidogo kupitia maziwa ya mama yanayotoka usiku, kwa kuwa ya mchana hayana melatonini ya kutajika. Kumtaka mtoto wa wiki sita awe na ratiba ni kumdai asichokuwa nacho.

Hapa ndipo nilipoona jambo ambalo sijawahi kusikia likisemwa kliniki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki kumi na mbili, yaani miezi mitatu kasoro kidogo. Ni wakati uleule ambao usingizi wa mtoto unabadilika sura: saa ya mwili inaanza kufanya kazi, mtoto anaanza kuingia usingizini kwa njia tofauti na ya uchanga wake, na anaanza kutambua nani amemshika na yuko wapi. Mama anarudi ofisini Jumatatu, mtoto anaachwa na dada wa kazi au bibi, na ndani ya wiki mbili usingizi wa mchana unavurugika. Lawama inamwangukia dada. Pengine dada hana kosa lolote. Mtoto angebadilika hata kama mama angebaki nyumbani.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilitaja saa 14 hadi 17 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi minne, saa 12 hadi 16 kwa mwenye miezi minne hadi kumi na mmoja, na saa 11 hadi 14 kwa mwenye mwaka mmoja hadi miwili, usiku na mchana vikijumlishwa. Tazama lile pengo la kundi la kati. Watoto wawili wa miezi minane, wote wazima, wote wananenepa, wanaweza kutofautiana kwa saa nne nzima. Mtoto anayelala saa kumi na moja usiku, kisha akalala mchana mara mbili kwa nusu saa, amekwisha kufika kumi na mbili. Halali kama mtoto wa jirani, lakini amelala. Idadi ya mara za kulala nayo hupungua kadiri anavyokua: mtoto wa miezi mitatu anaweza kulala mara nne au zaidi mchana, wa miezi sita kwa kawaida mara tatu, kati ya miezi saba na tisa wengi hubaki na mbili, na mahali fulani kati ya mwaka na mwaka na nusu hubaki moja.

Sasa tuje kwenye zile dakika thelathini zinazowakera wazazi kuliko kitu kingine. Usingizi huenda kwa mizunguko, na mzunguko mmoja wa mtoto huchukua dakika 50 hadi 60 hivi, wakati wa mtu mzima hukaribia 90. Katika kila mzunguko kuna sehemu tulivu, ambapo mtoto hupumua kwa utaratibu na hata ukigonga sufuria hashtuki, na kuna sehemu yenye vurugu, ambapo kope zinachezacheza, pumzi inapanda na kushuka, anatabasamu, anagugumia, hata analia kidogo akiwa amelala. Kwa mtoto aliyezaliwa karibuni, sehemu hii ya vurugu ni takriban nusu ya usingizi wote. Wazazi wengi, na mimi nikiwamo, tumemnyanyua mtoto aliyekuwa bado usingizini kwa kudhani ameamka, tukamwamsha sisi. Akigugumia, ngoja kidogo huku unamtazama. Kama ameamka kweli atakujulisha bila shaka yoyote.

Anapovuka kutoka sehemu moja ya mzunguko kwenda nyingine, na mzunguko ukikaribia kuisha, mtoto huja juu karibu na kuamka. Usiku, deni na saa ya mwili humrudisha chini. Mchana, deni likiwa limepungua, anahitaji kila kitu kingine kimsaidie, na akikuta hali si ile aliyolalia, anaamka kabisa. Kabla ya miezi mitano au sita usingizi mfupi wa namna hii ni wa kawaida sana kiasi kwamba sioni sababu ya kuupiga vita. Ubongo unakomaa, na siku moja dakika thelathini zinakuwa sabini bila mzazi kufanya jambo jipya.

Suala la mgongo linastahili haki zaidi kuliko ile jirani yangu aliyoipa. Mwaka 1986 watafiti Urs Hunziker na Ronald Barr wa Montreal, Kanada, waliwaomba mama wa kundi moja wawabebe watoto wao saa zaidi kwa siku kuliko kawaida yao, hata pasipokuwa na kilio. Watoto hao walipofika wiki sita, umri ambao kilio huwa kimefika kilele, walilia kwa asilimia 43 pungufu kuliko wa kundi lililolinganishwa nao. Bibi zetu wa Kongwa na Mpwapwa wasingeshangaa, maana mtoto waliye naye mgongoni wakipalilia au wakitwanga ndiye aliyelala. Kubeba hakumharibu mtoto. Kunachokosa ni daraja la kutoka mgongoni kwenda kitandani, na daraja hilo limechunguzwa.

Mwaka 2022 kikundi cha watafiti wa taasisi ya RIKEN nchini Japani, kikiongozwa na Kumi Kuroda, kilipima mapigo ya moyo ya watoto 21 walipokuwa wakibembelezwa na kulazwa. Watoto waliokuwa wakilia walitulia walipobebwa na mtu anayetembea mfululizo kwa dakika tano, na karibu nusu yao wakasinzia. Kumshika huku umekaa hakukutosha. Lakini lililonifungua macho ni hili: mapigo ya moyo yalianza kupanda pale mwili wa mtoto ulipoanza kuachana na mwili wa aliyembeba, kabla mgongo wake haujagusa godoro. Watoto waliolala muda mrefu kidogo mikononi kabla ya kulazwa ndio waliobaki usingizini. Kwa hiyo watafiti walishauri mtu atembee dakika tano, kisha akae na mtoto aliyesinzia dakika tano hadi nane nyingine, ndipo amlaze.

Nilipousoma utafiti huo nilikumbuka fundo la kanga. Mbeleko ikifunguliwa, kifua cha mtoto kinaachana na mgongo wa mama kwa mara moja, ubaridi unapita katikati, na mtoto anateleza ubavuni hadi mikononi. Sikuacha kumbeba. Nilibadili mahali pa kumalizia: akisinzia mgongoni, nilimhamishia kifuani angali anasinziasinzia, nikakaa ukingoni mwa kitanda na kuhesabu mpaka mkono wake ulegee kabisa, ule mkono ambao ukiuinua na kuuachia unaanguka kama kitambaa kilicholowa. Kisha nilimlaza nikiwa nimeinama naye, makalio yakitangulia, kichwa kikifuata, kifua changu kikiwa cha mwisho kuondoka. Si kila siku ilifaulu. Ilifaulu mara nyingi kuliko zamani, na ile kanga niliyombebea niliikunja na kuiweka chini ya shuka, upande wa miguuni wa godoro alipolala, ili harufu isipotee lakini kitambaa kisimfike usoni.

Katika hilo la kulazwa, mambo machache hayana mjadala. Mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo tambarare, bila mto, bila blanketi zito karibu na uso, bila mdoli. Marekani ilipoanza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa karibu nusu katika muongo uliofuata. Usingizi wa mchana hauna msamaha katika hili, na kochi la sebuleni si mahali pa kumlaza mtoto hata "kwa dakika mbili." Akiwa mgongoni, uso uonekane upande na kidevu kisigandamane na kifua.

Chumba chenyewe ni habari nyingine, na kwa mji wa Dodoma ni habari nzito. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijafika, joto la mchana huzidi nyuzi 30, na nyumba nyingi tunazopanga zina paa la bati, baadhi bila dari. Kati ya saa sita na saa tisa bati hilo linamwagia chumba joto, na chumba kile kizuri cha usiku kinageuka tanuri saa ileile tunayotaka mtoto alale. Wenyeji walikuwa na jibu lao. Tembe la Wagogo, lenye kuta za miti na udongo na paa tambarare lililofunikwa udongo, hukaa na ubaridi na giza mchana kutwa, hali mbili ambazo usingizi wa mchana unazihitaji. Hatuwezi wote kurudi kwenye tembe, ila tunaweza kuiga akili yake: kuchagua chumba kisichopigwa na jua la mchana, kufunga pazia zito mapema kabla joto halijaingia, na kufungua dirisha la upande usio na upepo wa vumbi. Mwarobaini wa uani nao ni chumba. Mkeka chini ya kivuli chake, chandarua kidogo cha kukunja dhidi ya nzi, mtu mzima kando yake. Binti yangu alilala pale kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kulala ndani. Feni inafaa, mradi isimwelekee mtoto moja kwa moja, na mvumo wake unafunika honi za bodaboda.

Tatizo jingine letu ni mavazi. Nimeona watoto wa Oktoba wamevalishwa sweta, soksi na kofia ya sufu, kisha wamefunikwa shali, kwa hofu ya nimonia. Mtoto hutoa joto jingi kupitia kichwani, na kuzidiwa na joto ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na vifo vya usingizini. Mguse nyuma ya shingo: pakiwa na jasho, punguza nguo. Juni na Julai hali hugeuka, usiku na asubuhi hushuka chini ya nyuzi 15, na hapo nguo za ziada zina maana. Kisicho na maana msimu wowote ni jiko la mkaa ndani ya chumba cha mtoto, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na huua waliolala.

Giza la mchana, hata hivyo, lina mpaka. Saa ya mwili hujifunza kwa tofauti, na huku kwetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi mwaka mzima. Ni bahati ambayo mama wa nchi za baridi hawana. Mtoto akitolewa nje kila asubuhi baada ya kuamka, kivulini lakini kwenye mwanga, na usiku taa zikipunguzwa, saa yake inapata somo lilelile kila siku.

Muda wa kumlaza ndio unaobaki. Akilazwa mapema, deni halijatosha na atacheza kitandani. Akicheleweshwa, usingizi humruka, akawa na fujo, akajipinda mgongo, akalia huku akikataa hata titi. Mtoto wa miezi mitatu hadi minne kwa kawaida huweza kukaa macho saa moja na nusu hadi mbili, wa miezi sita hadi saba saa mbili hadi tatu, wa mwaka saa tatu hadi nne. Hizi ni nambari za kuanzia, na dalili za mtoto mwenyewe zina uzito zaidi: macho kukaza mahali pamoja, kupoteza hamu na kinachochezwa, kusugua jicho au sikio, kope kuwa nyekundu. Miayo mingi ni dalili iliyochelewa.

Ukifika hapa utaona kwa nini uji si jibu. Mtoto akiamka baada ya nusu saa, shauri la kwanza analopewa mama ni kwamba maziwa hayamshibishi, aanzishiwe uji mwepesi. Ushauri wa kitaalamu ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, na mtoto aliyeamka hivyo katikati au mwishoni mwa mzunguko wa usingizi mara nyingi hakuamshwa na njaa. Chango nalo hubebeshwa mzigo huohuo. Zaidi ya uji, naogopa chupa: dawa za maji za mafua na mzio ambazo baadhi ya watu huwapa watoto ili walale. Promethazini, iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa inaweza kudhoofisha upumuaji hadi kuua. Anayekwenda kazini na kumwachia mtu mtoto amwambie jambo hili kwa maneno yasiyo na mzunguko.

Zipo pia hali ambazo si za kusubiri. Mtoto anayekoroma kila mara au anayepumua kwa taabu akilala, anayeshika sikio na ana homa, ambaye mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka, apelekwe kituo cha afya. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na ni vigumu kumwamsha, aende sasa hivi, usiku au mchana. Mtoto anayelala kupita kiasi chake hutia hofu zaidi ya anayelala kidogo.

Nirudi kwa mama anayefanya kazi. Sheria ileile inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwa anayefanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, na kuishi Ihumwa jirani yake, saa hizo zinatosha kufika nyumbani, kumnyonyesha mtoto na kumlaza. Kwa anayeishi Nkuhungu zinaishia barabarani, na wengi wetu huzichukua kwa kutoka mapema jioni, mwajiri akikubali. Maana yake mtoto analazwa mchana na mtu mwingine, na mtu huyo hana titi wala harufu ya mama. Kumfundisha njia ya mama si lazima. Mtoto hujifunza kwamba kwa dada analala hivi na kwa mama vile, mradi kila mmoja afuate utaratibu wake bila kubadilibadilisha. Mfuatano uwe mfupi: pazia, nepi, wimbo uleule, kutembea, kukaa, kulaza. Waanze kulaza pamoja wiki mbili kabla ya likizo kuisha, wala si asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi.

Mimi nilimwachia dada daftari la kurasa arobaini na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Sikumwomba maelezo, nilimwomba saa tu. Jioni ya siku ya tatu nilisoma: "Saa 3:20 kalala mgongoni, 3:50 kaamka. Saa 7:00 nimemlaza ndani kagoma, joto. Saa 7:40 nje chini ya mti kalala. Saa 9:05 bado." Kesho yake tulihamishia mkeka chini ya mwarobaini saa saba kamili.